Daftari la Wageni: Mwongozo kwa Mlinzi Mpya wa Fikra Zake

Kwa hiyo umeamua. Mchungaji amehubiri kutoka Mithali 4:23, umetoka kanisani macho mekundu, na kuanzia leo hakuna fikra chafu itakayovuka geti la moyo wako. Hongera. Kazi hii haina mshahara, haina sare, na wa kukupokea zamu hayupo. Kabla hujaingia kibandani, pokea maelekezo ya mlinzi mzoefu, yaani aliyeibiwa mara nyingi.

Jifunze kwanza kumtambua mwizi. Ni rahisi: mwizi ana sura ya mwizi. Tamaa ikija usiku wa manane imevaa miwani myeusi, piga filimbi. Hasira ikija na panga, tia komeo. Jioni utajiona shujaa. Waliovaa sare ya kwaya usiwaandike kwenye daftari, hao ni watu wa nyumbani.

Mimi ndivyo nilivyofanya Jumapili moja mnadani. Kwetu Walutheri, muumini anaweza kutoa sadaka kwa alicho nacho: kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi. Baada ya ibada vitu hivyo vinanadiwa hapo nje, fedha inaingia kanisani. Siku hiyo mzee wa kanisa alikuwa amening'iniza jogoo mwekundu, miguu juu, kachoka hata kulalamika. Bei ikaanzia elfu kumi, ikapanda, mara jirani yangu akanyoosha kidole: hamsini! Vigelegele. Papo hapo getini kwangu akabisha mgeni nadhifu, Biblia kwapani. Akasema anaumia kwa ajili ya nyumba ya Bwana tu: hivi mtu anunue jogoo kwa elfu hamsini, na elfu thelathini za watu hajarudisha tangu Pasaka? (Watu wenyewe ni mimi.) Nikamfungulia. Nikamvutia kiti. Jogoo anafika kwa mwenyewe, mgeni wangu ameshakula mchana, amepekua mafaili ya ukoo mzima wa jirani, na anauliza chumba cha wageni kiko upande gani.

Ukiona mgeni wa namna hiyo anasitasita getini, mvalishe maombi. Fungua kundi la WhatsApp la jumuiya uandike: wapendwa, tumwombee dada yetu mmoja, jina nalihifadhi, yule wa sauti ya pili aliyehamia nyumba ya kijani. Baada ya dakika tano watu kumi na mbili wamejibu amina, na wanne wamekupigia simu faragha ili wajue waombe vizuri.

Jihadhari na wazee wa zamani, watakuharibia kazi. Yupo mmoja, Evagrius wa Ponto, aliyeyaacha makuu ya Konstantinopoli akaishia jangwani Misri, na huko akafariki mwaka 399. Alipanga fikra sumbufu katika mafungu manane: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutaka sifa na kiburi. Baadaye Papa Gregori Mkuu aliipanga upya orodha hiyo, na ndiyo asili ya vile vichwa saba vya dhambi vinavyojulikana kwa Wakatoliki. Katika barua yake moja Evagrius anamwagiza mtu awe bawabu wa moyo wake, asipitishe fikra yoyote kabla ya kuihoji kama Yoshua alivyomhoji yule mtu mwenye upanga karibu na Yeriko: wewe ni wetu au wa adui? Yoyote! Hata yenye Biblia kwapani. Sasa geti hilo litakuwa na foleni ya kufika wapi?

Huo uchovu wa roho anasema humvamia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane. Hapa Mswahili hahitaji mkalimani, maana saa zao zilihesabiwa tangu mapambazuko kama zetu: saa nne yake ni saa nne yako, chai ya ofisini imekwisha na mchana uko mbali. Mtawa anaona jua limeganda. Anachungulia kama saa tisa ya chakula imekaribia, anatazama huku na huku labda kuna ndugu anakuja kumtembelea. Siku hizi ndugu huyo anakaa mfukoni, na anatetema.

Jambo jingine: jilaumu kwa kila anayebisha. Evagrius anasema fikra kuja au kutokuja hakuko mikononi mwetu, kilicho mikononi mwetu ni kuziacha zikae au la. Mpuuze. Mlinzi bora ni yule anayelia kwa sababu kuna mtu amepita barabarani, na akiwa anafuta machozi, aliyebisha anajifungulia mwenyewe.

Ukifungua Wafilipi 4, nenda moja kwa moja kwenye aya ya 8, ile orodha ya mambo ya kutafakari, uibandike kwenye friji. Aya ya 7 iruke. Humo Paulo, mfungwa aliyezungukwa na askari, anachukua neno la kijeshi, la kikosi kinacholinda mji, na kusema kwamba amani ya Mungu ndiyo itakayolinda mioyo na nia. Ukiisoma sana utaanza kujiuliza kama zamu hii ni yako peke yako, na mlinzi mwenye maswali hayo hulala.

Kuna siku itakuwa shwari. Hakuna aliyebisha, daftari jeupe. Evagrius anaiogopa siku hiyo, kwa kuwa wengine wakishafukuzwa, kutaka sifa huja kumpongeza mlinzi. Mimi sijaona tatizo. Jana zamu yangu iliisha bila tukio hata moja, nikaona nichukue kalamu niwaandikie walinzi wapya. Jirani, kwa taarifa yako, bado hajalipa.