Chumba cha Kuona Bahari

Shemeji yangu ana gesti pale Sakina, Arusha. Mlangoni kabandika tangazo: "Dakika tano tu hadi Mnara wa Saa." Ni kweli, kwa bodaboda, saa tisa usiku. Chini yake: "Chumba cha kuona Mlima Meru, ongeza elfu kumi." Mlima upo, mita 4,566, wala hakuujenga yeye. Ila mwezi wa saba, na baridi yetu hii, unajifunika mawingu kutwa nzima. Mgeni akilalamika huambiwa mlima umelala, asubiri. Elfu kumi hairudi.

Juzi zamu yake ikafika. Ana harusi Unguja, na anataka kulala Mji Mkongwe penyewe, kwani kasikia ni urithi wa dunia tangu 2000. Akakesha na simu. Shangani bei kali. Malindi makelele ya bandari. Darajani sokoni mno. Mwisho akapata: "Chumba cha kuona bahari."

Akaikuza picha kwa vidole. Bati, bati, tangi la maji, waya wenye kunguru wawili, kisha, katikati ya kuta mbili, ufa wa buluu mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Shemeji, huu si wizi? Bahari gani hii, ya kijiko?"

Nikamuuliza kama amewapigia simu. Kumbe alishapiga.

Wamemwambia maji yamekupwa, asubiri yajae.