Barua ya wazi kwa NCAA: kuhusu jibini, salamu na fidia ya makocha

Kwa Mheshimiwa Charlie Baker,
Rais wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani,
Indianapolis, Indiana.

YAH: PONGEZI ZA DHATI KUTOKA KWA MASHABIKI WA MBALI

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni shabiki tu, sina cheo chochote. Huku Afrika Mashariki tunaofuatilia michezo ya vyuo vyenu si wengi kama wanaogombana kila Jumamosi kwa ajili ya Arsenal, lakini tuna haki yetu mezani. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikuwa akiikimbilia timu ya chuo cha El Paso, Texas. Majirani zetu Wakenya waliwapa Henry Rono, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa futi saba na inchi tatu, alikwenda chuo cha UConn, na mwaka 2009 akawa mchezaji wa pili kuchaguliwa katika usajili wa NBA. Mtu akishakupa watoto wa namna hiyo, usishangae siku moja akauliza wanakula nini.

Na kwenye chakula ndiko kunakostahili pongezi za kwanza. Kwa miaka kadhaa kanuni zenu ziliruhusu chuo kumpa mchezaji matunda, karanga, au ule mkate wa duara wenye tundu katikati, kama kitafunwa. Ila mkate huo ukipakwa jibini laini, umeshakuwa mlo, na mlo nje ya ratiba ni kosa. Sijui ni kamati gani ilikaa ikapata mpaka kati ya kitafunwa na mlo, lakini ilifanya kazi ambayo wanafalsafa wangeikimbia. Mwaka 2014 ikajulikana kwamba chuo cha Oklahoma kilijiripoti chenyewe kwenu: wachezaji watatu walikuwa wamekula tambi kupita kiwango kwenye dhifa ya mahafali. Ili warudishiwe sifa za kucheza, kila mmoja alitoa sadaka ya dola 3.83. Napenda hizo senti themanini na tatu. Maana yake mtu mzima, mwenye shahada na tai shingoni, alikaa na kikokotoo akapima uma wa mwisho wa tambi. Msimu huohuo Shabazz Napier, aliyewapa UConn ubingwa wa mpira wa kikapu, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuna siku analala na njaa. Aprili mkafungua jiko. Haraka yenu ilitugusa.

Pongezi za pili ni za salamu. Mna kanuni kwamba kocha akikutana kwa bahati na kijana anayemwinda, katika kipindi ambacho hakuna ruhusa ya mazungumzo, anaweza kumsalimu na kupita. Zaidi ya salamu ni kosa. Nawaomba kwa heshima msiilete Tanga. Kijana akisema shikamoo, kocha ataitika marahaba, ataulizwa habari za safari, atauliza habari za nyumbani, mama hajambo, bibi anaendeleaje na miguu, mvua huko zimenyesha. Hapo kwetu ni salamu tu, mazungumzo hayajaanza. Kwenu mchunguzi ameshajaza kurasa mbili.

Baada ya kuona ukali huo wote kwenye jibini, nilitazamia nikifika kwenye mishahara ya makocha nitakuta mizani ya dhahabu. Nikakuta uwanja wazi. Novemba 2023 chuo cha Texas A&M kilimwondoa Jimbo Fisher, kocha wa mpira wa miguu wa Kimarekani, na mkataba ukadai alipwe zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. Oktoba 2025 chuo cha LSU kikamfukuza kocha Brian Kelly, fidia yake ikitajwa kuwa takriban dola milioni 54. Mwezi mmoja baadaye LSU hiyohiyo ikamchukua kocha Lane Kiffin kutoka chuo cha Ole Miss, wakati timu aliyoiacha inajiandaa kuingia kwenye michuano ya kuwania ubingwa wa taifa. Wachezaji wakabaki na maandalizi, kocha akabaki na mkataba mpya.

Nisiwaonee. Mlijaribu. Miaka ya 1990 mliweka kikomo cha dola 16,000 kwa mwaka kwa baadhi ya makocha wasaidizi, nao wakawapeleka mahakamani, mkashindwa, na mwaka 1999 mkakubali kulipa dola milioni 54.5. Kiasi hicho wakati ule kiligawanywa kwa makocha wasaidizi wa nchi nzima. Leo kinamtosha mmoja, tena wa kukaa nyumbani.

Tangu hapo mkajifunza kumwogopa kocha na mkazidisha umakini kwa mchezaji. Kocha alihama usiku na asubuhi akapigiwa makofi. Mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani au wa kikapu akihama, alikaa benchi mwaka mzima kama aliyekosa adabu. Mlianza kulegeza adhabu hiyo mwaka 2021, na mwaka 2024, baada ya mahakama kuwashika shati, mkaondoa kabisa. Sasa nawasikia mashabiki wenzangu wa huko wakilia kwamba vijana wa siku hizi hawana uaminifu, wanafuata pesa. Kilio hicho hukisikii siku kocha anapofungasha. Siku hiyo wanafuatilia ndege yake mtandaoni kama watu wanaosubiri mahujaji.

Tuje kwenye hesabu ya vichwa, maana hapo mmejipita. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliwafungulia: takriban dola bilioni 2.8 za kuwalipa wachezaji wa zamani, na ruhusa kwa kila chuo kuwagawia wachezaji wa sasa hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Miaka yote mlituambia kwamba mchezaji akilipwa, michezo ya vyuo itakufa. Amelipwa, na tiketi bado ni ghali.

Lakini pamoja na pesa kukaja ukomo wa kikosi. Mpira wa miguu wa Kimarekani, watu 105. Mchezo huo una wachezaji 11 uwanjani kwa kila upande. Timu za taifa zimekwenda Kombe la Dunia na watu 26. Basi mtadhani 105 ni ukarimu. Kumbe ndani ya vikosi vya awali kulikuwa na vijana wanaojilipia ada, wasio na ufadhili hata wa kiatu, wanaokimbia mazoezini ili wenye ufadhili wapate mtu wa kumgonga. Hao ndio walioambiwa wafungashe. Jaji aligoma kusaini mpaka itafutwe njia ya kuwaondoa walioathirika kwenye hesabu. Ilibidi mwanamke mmoja mwenye joho awakumbushe kwamba asiyewagharimu ada wala posho hawezi kuwa ndiye mzigo.

Mbio za nyika zimepewa nafasi 17. Hili linatuhusu, kwa sababu nafasi zikipungua kocha hataki tena kijana wa kulea miaka minne, anataka aliyeiva. Anapiga simu Bonde la Ufa. Doris Lemngole, Mkenya wa chuo cha Alabama, Juni 2025 alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika 9, jambo ambalo hakuna mwanachuo wa kike aliyewahi kulifanya. Mashabiki wakasimama kupiga makofi, kisha wakakaa kulalamika kwamba Wakenya wanawamalizia nafasi watoto wao. Mheshimiwa, watulizeni. Wakenya wana mbio, lakini hakuna aliyekimbia kutoka Bonde la Ufa hadi Tuscaloosa, kilipo chuo hicho cha Alabama. Ametumiwa tiketi na kocha, na kocha ana bonasi kwenye mkataba.

Linabaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuuza jina na sura yake. Mwanafunzi wa kigeni ameruhusiwa na ninyi, amezuiwa na viza yake ya masomo, ambayo inambana asifanye kazi nje ya chuo. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo mwaka 2022 akiwa chuo cha Kentucky. Wenzake walipiga matangazo kati ya darasa na chakula cha mchana. Yeye, Agosti mwaka huo, timu ilipokwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki, ndipo alipopigwa picha na kurekodi matangazo yake, kwa sababu kule hayuko kwenye ardhi ya Marekani.

Najua viza ni ya serikali, si yenu. Najua pia kwamba mnaifahamu njia ya kwenda Bunge la Marekani, maana ndiko mnakoomba kinga dhidi ya kesi. Mkipanda zile ngazi tena, bebeni na hili. Ikiwa mzigo ni mzito, basi angalau toeni orodha rasmi ya visiwa vinavyokubalika, mtueleze na nauli ya kwenda huko analipa nani: chuo, kampuni ya matangazo, au mzazi aliyeko Lubumbashi.

Wako katika ujenzi wa vikosi,
Shabiki

Nakala: Makocha wote waliofukuzwa, popote walipo kwa mapumziko yenye malipo.