Seva ya Kulinda Mtandao wa Visiwa vya Lamu: Maamuzi Saba, Kuanzia Mepesi

Ukisikia watu wanabishania Windows na Linux kwenye baraza za mtaa wa Mkomani mpaka kahawa inapoa, waambie wapunguze moto: swali hilo ni la sita kwa uzito. Yako matano yanayolizidi, na tutayapitia yote leo.

Nazungumza nawe fundi unayelinda mtandao wa ofisi, shule, zahanati na hoteli zilizotawanyika Lamu, Shela, Manda, Faza, Kizingitini hadi Kiwayu. Kwetu, kwenda kuwasha upya ruta moja ni safari ya mashua inayongoja maji yajae. Seva ya kufuatilia mtandao huo ikipangwa vibaya, kosa hilo unalilipia nauli. Haya, tushuke ngazi.

7. Uzuri wa grafu

Grafu za rangi zinapendeza, na mkurugenzi akizipenda, bajeti hupita. Lakini programu ya MRTG ya Tobias Oetiker ilianza kuchora michoro yake ya kawaida kabisa mwaka 1995, na tangu hapo imekuwa ikimjibu fundi swali lake kuu: njia imejaa au haijajaa? Cacti, LibreNMS na Zabbix zote huchora vizuri. Chagua kwa kazi, ndugu yangu. Rangi utazipanga Ijumaa baada ya sala.

6. Windows au Linux?

Ongezeni kahawa, wenyewe mmefika. Jibu ni fupi: chagua programu kwanza, mfumo endeshi utafuata. PRTG ya kampuni ya Paessler ya Ujerumani imejengwa juu ya Windows, na leseni yake hupimwa kwa idadi ya vihisi. Seva ya Zabbix, kazi iliyoanzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia, haikubali Windows kabisa. Ni wakala wake mdogo tu anayekaa huko kukusanya habari. Nagios na LibreNMS nazo makao yake ni Linux.

Kama ofisi tayari ina leseni na fundi aliyebobea katika Windows, PRTG itamfaa. Kama pesa ni za kuhesabu, Linux haidai senti ya leseni, na wa kumuuliza hutamkosa: warsha za AfNOG, jukwaa la waendeshaji mitandao wa Afrika, zimewafundisha mafundi wa Afrika mifumo huria tangu mwaka 2000. Shabiki wa Windows na shabiki wa Linux, peaneni mikono. Nyote mna mtandao wa kulinda.

5. Mfumo utahudumiwa hadi lini?

Desemba 2020, waliotegemea Linux ya CentOS 8 walipata habari ya kuchoma moyo. Mfumo waliotarajia uhudumiwe hadi 2029 ungekoma tarehe 31 Desemba 2021. CentOS 7 nayo ikafika mwisho tarehe 30 Juni 2024. Wengine wakahamia Rocky Linux na AlmaLinux, wengine wakapanga upya kila kitu.

Kwa hiyo, kabla hujauliza mfumo una nini, uliza utahudumiwa hadi lini na nani ana uwezo wa kuufunga. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu, mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hupata marekebisho ya usalama kwa miaka mitano bila malipo. Debian nayo, ukihesabu na kipindi chake cha nyongeza, hufika miaka mitano, na waamuzi wake ni wanachama wanaojitolea, si kampuni moja. Kwa seva utakayoipanga mara moja na kuigusa mara chache, mimi nachukua Debian. Mfumo usiojulikana siku yake ya kustaafu usiupe zamu ya usiku.

4. Diski kabla ya prosesa

Wengi hununua prosesa kali kisha wakaipa diski ya zamani. Hebu tupige hesabu. Vifaa 100, kila kimoja kikipimwa mambo 50 kila dakika, ni vipimo 5,000 kwa dakika, yaani milioni 7.2 kwa siku. Katika Zabbix kipimo kimoja cha namba huchukua takriban baiti 90 kwenye hifadhidata. Hizo ni kama megabaiti 650 kwa siku, karibu gigabaiti 20 kwa mwezi, zikiandikwa vipande vidogo vidogo bila kupumzika. Diski ya kuzunguka itahema, nunua SSD.

Weka vipimo halisi kwa siku 30, na wastani wa kila saa kwa mwaka mzima. Kwa ukubwa huu, mashine moja inabeba programu na hifadhidata yake bila shida. Huna haja ya kuzitenganisha. Usichopaswa kufanya ni kuipachikia juu yake mfumo wa mishahara. Fahali wawili hawakai zizi moja, na mwisho wa mwezi ndipo wanapopigana.

3. Umeme na chumvi

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na sehemu nyingi zikakaa hivyo kwa saa nyingi. Seva ya ufuatiliaji haitakiwi kulala saa kama hizo, maana ndizo saa zake za kazi. Chukua betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100: ni wati-saa 1,200 kwa hesabu ya karatasi. Mashine kubwa ya wati 300 itaimaliza kwa saa 4. Kompyuta ndogo ya wati 15 itakwenda saa 80.

Tena chagua isiyo na feni. Feni huvuta hewa, na hewa yetu ina chumvi. Fungua kisanduku cha swichi kilichokaa juu ya dari inayotazama bahari: pini za shaba zimeota kijani, skrubu zimeshikana na kutu, na mlango mmoja wa kebo unafanya kazi pale tu ukiubonyeza kwa kidole. Kidole chako hakitakuwapo saa nane za usiku.

2. Kengele isipite njia iliyokatika

Intaneti imekatika, seva inatuma barua pepe kusema intaneti imekatika. Barua hiyo itafika lini? Chomeka modemu ya USB yenye laini ya simu, tena ya mtandao tofauti na unaobeba intaneti yako, arifa ziende kwa ujumbe mfupi.

Kisha ieleze programu nani anamtegemea nani. Kiungo cha Mokowe, upande wa bara, kikizimika, kila kilicho nyuma yake kitaonekana kimekufa, na simu yako italia mara 40. Nagios hukuruhusu kutaja mzazi wa kila kifaa. Zabbix huweka utegemezi kati ya tahadhari. Ukishapanga hivyo, unapata ujumbe mmoja unaosema ukweli. Fundi aliyeamshwa na ujumbe 40 wa bure atazima simu, na wa 41 ndio ulikuwa wa zahanati.

1. Jicho likae wapi?

Hili ndilo linaloamua mengine yote. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Kiungo cha seva iliyowekwa Ulaya kikikatika siku kama hiyo, itakuambia Lamu nzima imezama, wakati zahanati ya Faza inazungumza na Lamu vizuri tu.

Basi iweke seva kuu Lamu mjini, karibu na mafundi. Katika kila kisiwa weka proksi ya Zabbix: kompyuta ndogo inayopima vifaa vya jirani, inayohifadhi matokeo kwenye SQLite, na yenyewe ndiyo inayoitafuta seva kupitia poti 10051. Kiungo kikikatika, inaendelea kupima na kuweka akiba, kisha kikirudi inakabidhi yote. Lakini angalia hapa: kipengele cha ProxyOfflineBuffer huja kikiwa saa 1 tu. Msimu wa kusi saa moja haikufikishi hata gatini. Kiandike 72, na historia ya Kiwayu haitapotea.

Mwisho, kodi mashine ndogo Mombasa au Nairobi yenye kazi moja: kuuliza kama seva ya Lamu ingali hai. Mlinzi naye anahitaji wa kumwamsha.

Hukumu yangu ni hii: Debian, mashine moja yenye SSD Lamu mjini, proksi kila kisiwa, arifa kwa ujumbe mfupi, jicho moja nje. Kisha andika ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili, uubandike ukutani Faza, na umfundishe aliyeko huko kuiwasha proksi bila wewe. Mpangilio unaomhitaji mtu mmoja tu haujakamilika.