Pichi Iliyofifia
Kikao cha tatu cha kamati kilikwisha saa nne usiku, ajenda ikiwa ile ile: rangi. Michango? Tutaona. Ukumbi? Mungu ni mwema. Lakini rangi, jamani, haina mzaha.

Bi harusi mtarajiwa alitaka pichi iliyofifia. Dada yake akasema hiyo si pichi, ni rangi ya ngozi. Mpambaji akafungua simu, akatuonyesha rangi 12 ambazo kwa macho yangu zote zilikuwa chai ya maziwa. Tofauti ni hali ya uchumi wa nyumba iliyoipika. Nikapendekeza damu ya mzee. Nilitazamwa kama niliyepigia chafya sinia la pilau.

Bibi yangu aliolewa amevaa kanga za kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, doti moja, mambo yakaisha. Hata hilo gauni jeupe tunalodhani lilishuka na Hawa lilivuma baada ya Malkia Victoria kulivaa mwaka 1840. (Nililisema hili kikaoni. Nikapangiwa kamati ya vinywaji.)

Mjumbe akatumwa Kariakoo na kipande cha mfano, kikubwa kama stempu. Alirudi na majora matatu, kila moja na pichi yake. Siku ya siku mashangazi walikaa meza moja, wamejipanga kuanzia embe bichi hadi embe lililosahaulika kapuni.

Mpiga picha, Mungu amzidishie, ameshauri albamu iwe ya nyeusi na nyeupe.