Dereva Wangu Hajui Njia

Begi langu la gofu lina fimbo 14, idadi ya mwisho inayoruhusiwa na sheria, na iliyo ndefu kuliko zote inaitwa dereva. Dereva huyu nilimnunua kwa fedha ambazo mke wangu anaamini zilikwenda kwenye bima kubwa ya gari. Gari lina bima ndogo. Dereva ana kichwa cha ukubwa wa embe dodo, shingo nyembamba, na kazi moja tu duniani, kuupeleka mpira mbali. Kupeleka anapeleka. Kinachomshinda ni njia. Amewahi kunifikisha mtaroni, kwenye migomba ya majirani, na juu ya bati la stoo ya mashine za kukatia nyasi, ambako mpira ulilia kama kengele kiasi kwamba fundi aliyekuwa ndani alitoka akidhani wamemwita chai.

Naona maneno ya gofu yalipohamia kwenye Kiswahili yalikuja kutucheka. Pale unaposimama kupiga pigo la kwanza panaitwa tii. Nimesimama pale miaka mitano na mpira haujatii. Fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni ukishafika grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, inaitwa pata. Ninayo, ya bei mbaya, na sipati. Kila shimo lina idadi ya mapigo ambayo mchezaji mzuri anatakiwa alimalize nayo, hiyo ni paa. Ukizidisha moja umepata bogi, ukizidisha mawili ni dabo bogi. Kadi yangu ya kwanza ilikuwa treni ya mizigo ya kwenda Kigoma: bogi juu ya bogi, hadi unasahau kama mbele kuna kichwa.

Nilianza nikiwa na miaka 46. Mkubwa wangu kazini alikuwa na desturi ya kumaliza mambo ya Jumatatu siku ya Jumamosi, akitembea kwenye nyasi na watu watatu aliowachagua, na mimi nilitaka kuwa wa nne. Nilinunua kofia, glavu ya mkono mmoja (nilibishana na muuzaji nikidhani ananipunja nyingine), na suruali ya rangi ya maziwa ambayo haikuvuka shimo la pili ikiwa na rangi hiyo. Siku ile nilipiga mapigo 141 kwenye uwanja wa paa 72. Mkubwa wangu alihamishwa mwezi uliofuata. Mimi ndiye niliyebaki.

Klabu ikanipa handikapu ya 36. Kwa asiyeujua mchezo, handikapu ni msamaha uliopigiwa hesabu: mapigo unayopunguziwa ili ucheze na watu wazima bila kulia. Mfumo wa sasa wa dunia nzima, ulioanza 2020, unaruhusu msamaha hadi 54, na una huruma ambayo sijawahi kuiona kwenye benki yoyote. Unatazama raundi zako 20 za mwisho, unachukua nane zilizo njema, hizo 12 nyingine unazifumbia macho. Lakini 36 juu ya 72 ni 108. Na shimo la gofu, popote utakapokwenda, lina upana wa milimita 108. Nilipogundua hilo nilimweleza kedi wangu, yaani kijana anayenibebea begi, kwa msisimko, kwamba nina pigo moja kwa kila milimita. Alitafakari kidogo, akasema, “Ndiyo bosi. Ila hujalifikia shimo bado.”

Kedi wangu ana miaka 24. Nitamwita Fundi, maana jina lake akilitaka lisikike atalisema mwenyewe. Amekulia pembeni ya uwanja, na anapiga mpira kwa fimbo ya kuazima vizuri kuliko nitakavyopiga mimi nikizaliwa upya.

Ugonjwa wangu ni kukata kulia. Mpira unaondoka vizuri, katikati kabisa, kama mtu mwenye nia njema, halafu ukifika mbele kidogo unachepuka kama daladala iliyoona foleni. Sababu nimeelezwa na kila mtu hadi mlinzi wa geti. Uso wa fimbo ukikutana na mpira huku umefunguka kulia kuliko fimbo yenyewe inakopita, mpira unazunguka kiubavuubavu na hewa inausukumia huko. Sasa mtu mwenye akili timamu, akiona mipira yake yote inakwenda kulia, atalenga kushoto. Nikalenga kushoto. Kumbe ukilenga kushoto mabega yanageuka, fimbo inapita kwa kukwangua ikitokea nje kuja ndani, na mpira unakata zaidi, nawe unazidi kulenga kushoto. Ilifika mahali wachezaji wa shimo la jirani wakiniona nimejipanga walikuwa wanapunga mkono, wakidhani nawasalimia.

Hapo ningeweza kutibiwa mapema, kama si mzee mmoja wa pale klabuni.

Mzee huyu ni mstaafu, anakaa kwenye kiti kile kile cha baa tangu saa nne asubuhi, na ukishamwamkia shikamoo huna tena pa kukimbilia. Simulizi lake ni moja: Seve Ballesteros. Mwaka 1978 kijana huyu wa Kihispania alikuja Nairobi akachukua Kenya Open pale Muthaiga. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, akaenda Royal Lytham huko Uingereza kwenye mashindano makubwa ya Open, na kwenye shimo la 16 akaupiga mpira ukatua kwenye maegesho ya magari. Maegesho! Mtu mwingine angelia. Yeye akatoka hapo na akamaliza shimo kwa pigo moja chini ya paa, akabeba kombe. Hapo mzee huweka glasi chini na kukutazama machoni. “Unaona? Bingwa si yule anayepiga moja kwa moja. Bingwa ni yule anayetoka.”

Maneno hayo yaliniharibu kwa miaka miwili. Tangu siku ile mpira wangu ukiingia kwenye miarobaini sikuutoa kwa kamsukumo kadogo ka pembeni, kama Fundi alivyokuwa akinisihi. Niliona kijia cha upana wa kiganja kati ya magogo mawili, nikajiona Mhispania. Mpira wa gofu una gramu 46 hivi, na ukigonga mwarobaini kwa nguvu zako zote unarudi na zako na za mwarobaini. Mmoja ulinipata kwenye ugoko. Fundi alisimama nyuma ya mti mwingine, mahali ambako nilikuja kutambua kwamba husimama kila nikisema “naona upenyo”.

Kisha ikaja Jumamosi ya maegesho. Shimo la mwisho linapita kando ya jengo la klabu, na magari yako kulia. Dereva alipiga. Mpira ukaenda katikati, ukaona foleni, ukachepuka. Ulisikika mlio kama wa chupa inayotupwa kwenye pipa, na watu wote wa barazani wakageuza shingo. Nilitembea kuelekea huko taratibu nikijiandalia maneno ya kumwomba radhi mwenye gari, mpaka nilipoona namba za gari. Kioo cha mbele, upande wa abiria, kilikuwa na utando wa buibui.

Mzee alisimama kutoka kitini, jambo la nadra. “Kama Seve!” akasema. Ningependa iwe hivyo, lakini yale maegesho ya Lytham yalikuwa ya muda, na sheria ilimruhusu kusogeza mpira bila adhabu. Ya kwetu ni nje ya mipaka. Unarudi ulikotoka na kupiga upya, na pigo moja la adhabu juu.

Jioni mke wangu alikizunguka kioo akiwa amefunga mikono. Nilimwambia kokoto, lori, barabara ya Morogoro. “Pole, baba watoto,” akasema. “Afadhali tulikata bima kubwa. Jumatatu wapigie watubadilishie.” Bima ndogo, kama hujui, hulipa hasara ya mtu uliyemgonga. Haimjui mtu aliyejigonga mwenyewe kutoka umbali wa mita 180. Nilikopa kazini. Kwa hiyo dereva yule yule aliyekula bima ndiye aliyevunja kioo, na mimi nikawa namlipia kwa awamu.

Kwa aibu nikaacha uwanja kwa muda, nikawa najifua sebuleni na fimbo namba saba. Pangaboi letu lilikuwa na mapanga matatu. Sasa lina mawili, na likizunguka linachechemea. Sitaki kulieleza zaidi ya hapo.

Niliporudi, Fundi alinipokea kwa heshima zote, akachukua begi, tukaenda kwenye tii ya kwanza. Nikanyoosha mkono nipewe dereva. Nikapewa namba saba.

“Dereva?”

“Yuko likizo, bosi. Nimemlaza kwenye buti la gari lako.”

Nilitaka kuwa mkali, lakini alikuwa ameshachuchumaa na kuchora kwenye mchanga kwa ncha ya kitii, kile kijiti cha kuwekea mpira. Namba saba yangu, siku ikikubali kwenda, inakwenda mita 115. Shimo lile lina mita 340. Tatu mara 115? Nikasema 345. “Tumefika grini kwa mapigo matatu. Pata mara mbili. Tano. Na wewe kwenye shimo la paa nne una ruhusa ya sita.” Akachora kistari kimoja pembeni. “Hili moja ni la ujinga, bosi. Tumelitenga.”

Nimesoma uhasibu, nimekaa kwenye vikao vya bajeti miaka 20, na sijawahi kuona mtu akitenga fungu la ujinga waziwazi namna ile. Vikao vyetu vingekuwa vifupi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuimarika, na niseme wazi kwamba hakuna kitu cha kutazama. Tuk, mita mia. Tuk, mita mia na kumi. Tuk, tumefika. Mpira bado unakata kulia, ila fimbo fupi haina nguvu ya kuuzungusha sana, kwa hiyo unakata kidogo tu, kwa adabu. Ukiingia mitini, Fundi ananionyesha upande ulio wazi hata kama ni kurudi nyuma, na ananyamaza mpaka nitii. Wenzangu niliocheza nao walikuwa wananionea huruma kwa mashimo matano ya kwanza, kisha wakawa wanaikagua kadi yangu mara mbili.

Kilichopungua kuliko vyote ni mipira iliyopotea. Zamani nilikuwa nawasingizia kunguru. Hawa weusi wa Dar, ambao mababu zao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka, ni kweli huokota mipira, na sheria inasema ikiwa ni hakika, au karibu hakika, kwamba mnyama kauchukua, unaweka mwingine bila adhabu. Mimi nilikuwa na hakika kila mara. Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu, na mimi nilikuwa namwona kunguru katika dakika ya pili na nusu.

Mwezi uliopita tukawa na mashindano ya Stableford. Mtindo huu uliletwa na daktari mmoja Mwingereza, Frank Stableford, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika Wallasey mwaka 1932; kwa watu wa aina yangu angestahili sanamu. Badala ya kuhesabu mapigo yote unahesabu pointi kwa kila shimo, na shimo likishakuharibikia unaokota mpira wako na kwenda kwenye lingine ukiwa na sifuri na uhai. Ukicheza sawasawa na handikapu yako unapata pointi 36. Nilifika kwenye tii ya 18 nikiwa na 38.

Upepo ulikuwa unatoka nyuma. Barazani watu wamejaa. Mzee kitini. Nikasikia sauti ndani yangu, yenye lafudhi ya Kihispania, na nikamwambia Fundi akimbie garini amlete dereva. Akatazama magari, akatazama gari langu na kioo chake kipya, akanipa namba saba bila kusema lolote. Niliupiga kwa hasira. Ukakata kulia, ukagonga mwembe, ukarudi katikati ya njia mahali pazuri kuliko ambapo ningeuweka kwa mkono. “Ule wa ujinga huo,” Fundi akasema. “Bado uko ndani ya bajeti.”

Pointi 39. Mshindi wa tatu wa daraja C, dazeni moja ya mipira, na picha niliyofumba macho. Mzee aliniuliza nilipiga fimbo gani kwenye 18. Nilipomjibu, alinitazama kama mtu aliyeletewa soda ya moto.

Baada ya wiki chache handikapu ilisoma 31. Nilimwonyesha mke wangu kwenye simu. Ilikuwa jioni, tumetoka sokoni, tunashusha mizigo.

“Ilikuwa 36?”

“Ndiyo.”

“Sasa umeshuka, na unacheka?”

Nilianza kumweleza: raundi 20, nane njema, kwamba kwenye mchezo huu kushuka ndiyo kupanda. Nilikuwa nimeshachangamka kiasi kwamba sikuona kwamba amezunguka nyuma ya gari kutoa gunia la mkaa. Buti lilifunguka. Kimya kikawa kirefu kidogo. Kisha akarudi amembeba kwa mikono miwili, amefunikwa kofia yake ya manyoya kichwani, bei bado imebandikwa shingoni.

“Baba watoto,” akasema, “huyu bwana aliyelala humu ndiye ile bima kubwa?”