Jinsi ya Kumkunja Samaki Mkavu

Mwongozo wa mpiga gitaa aliyevuka hamsini na anayetaka kuufunza upya mkono wake wa kulia

Samaki mkunje angali mbichi, husema watu, na hulisema hilo kwa sauti zaidi wakimwona mtu mzima kibarazani akirudia pigo moja la gitaa kama mtoto wa chuoni anayerudia alifu. Waache waseme. Anayedhani methali hiyo imemaliza maneno hajawahi kupika ng'onda. Ng'onda hukaushwa juani hadi akawa kama ubao, na ukimkunja hivyo atavunjika. Mloweke usiku kucha, asubuhi atakunjika. Hakuna muujiza hapo: ni maji na subira.

Nimepiga gitaa miaka thelathini na tano. Nilianzia Likoni, Mombasa, nikapata riziki kwenye bendi za hoteli za pwani ya kusini, na mkono huu umesomesha watoto. Miaka miwili iliyopita kifundo chake kilianza kuwaka moto kila nikifika wimbo wa nne. Haya yafuatayo nimeyafanya mwenyewe, kwa mpangilio huu huu, na ninayatoa kwa kila mwenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe ambaye ameanza kuficha maumivu chini ya mkanda wa gitaa.

Mahitaji

Gitaa lako lile lile. Seti ya nyuzi nyembamba kuliko ulizozoea. Kadi ya benki iliyokwisha muda, mkasi na kipande cha msasa. Kitambaa kikavu, maana chumvi ya bahari yetu hula nyuzi upesi, na uzi wenye kutu humkwaruza hata fundi. Miezi mitatu. Na mtu mmoja wa nyumbani mwenye moyo mpana.

Hatua ya 1: Uulize mkono ulisomea wapi

Wangu ulisomea kwenye ukumbi wenye amplifaya moja ya watu watatu, ngoma iliyokaa nyuma ya sikio, na wateja waliozungumza kwa sauti kumshinda mwimbaji. Ili nisikike, niliibana piki kwa vidole vitatu nikawa napiga kuanzia kwenye kiwiko. Lilikuwa jawabu zuri kwa wakati ule. Siku hizi ukumbi ule ni ghala la saruji na amplifaya ninayo yangu, lakini mkono uliendelea kugombana na kelele zilizonyamaza zamani.

Mfikirie mpiga gitaa Wes Montgomery wa Indianapolis, Marekani. Mchana alikuwa kazini, usiku akifanya mazoezi, na akaiacha piki akatumia kidole gumba ili asiwasumbue majirani. Sauti ile laini iliyomtambulisha duniani ililelewa na haya ya usiku. Kila mkono ni mtoto wa chumba chake. Kumbuka chako kilikuwaje. Ukishakijua hutauchukia mkono wako, utauambia tu kwamba mmehama.

Hatua ya 2: Toa talaka moja

Usitoe tatu. Mtindo wa zamani umekulisha, una nyimbo zako zote ndani yake, na siku moja utamtaka arudi. Toa moja, kisha isubiri eda ya miezi mitatu. Katika muda huo usimguse: usipige zile nyimbo ambazo mkono unazijua kuliko wewe, kwa sababu ukizianza tu kiwiko kitarudi kazini bila kuitwa. Bendi ikikuhitaji, omba ridhimu, mwachie kijana solo. Atafurahi, na utamsikia vizuri kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 3: Kata piki mpya

Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Si laini ya kupeperuka, wala si ngumu ya kulazimisha. Ikate, sugua kingo kwa msasa hadi zisishike ngozi, halafu jifunze kuishika kwa wapiga udi. Wao huiita risha, na neno hilo kwa Kiarabu ni unyoya, kwa kuwa zamani ilitoka kwenye ubawa wa ndege. Mtazame mpiga udi wa taarabu: kifundo kimelegea, na risha ikishuka huachiwa ianguke kwa uzito wake, ituame kwenye uzi unaofuata. Hasukumi. Nilimwomba mzee mmoja wa udi anishike mkono nikipiga. Akaniambia, "Mwanangu, unyoya haubanwi. Ukiubana, ndege ameshakufa."

Kipimo ni hiki: mtu akiivuta piki vidoleni mwako, itoke bila kukuvuta na wewe.

Hatua ya 4: Jua piki yako inatokea mlango gani

Hapa ndipo penye elimu yenyewe, kwa hiyo tulia. Pigo likiisha, piki huwa iko mahali pamoja kati ya pawili: ama imezama katikati ya nyuzi mbili, ama imetoka nje, hewani. Iliyozama haiwezi kuhamia uzi mwingine mpaka iruke ukuta, na kule kuruka, mara mia katika wimbo mmoja, ndiko kunakokiwasha kifundo moto. Nilidhani tatizo langu ni uzee. Lilikuwa ukuta.

Kaa mbele ya kioo. Piga uzi mmoja polepole, chini na juu, mara ishirini, utazame ncha ya piki. Ikitoka nje kwa pigo la juu, panga vifungu vyako ili uhame uzi baada ya pigo la juu. Ikitoka kwa pigo la chini, hama baada ya la chini. Chagua mlango mmoja, ukae nao mwezi mzima. Nami nilibadilisha vidole vya mkono wa kushoto kwenye nyimbo kadhaa ili mkono wa kulia upite mlangoni, na nyimbo hazikulalamika.

Hatua ya 5: Fanya zoezi la chakacha

Chakacha huhesabiwa sita, makundi mawili ya tatu tatu. Ukipiga chini na juu bila kukatiza, mkazo wa moja utaangukia pigo la chini, na mkazo wa nne utaangukia pigo la juu. Mkono wa kiwiko huumbuka hapo, kwa kuwa umezoea kubeba mzigo ukiteremka na kurudi mtupu. Chakacha inautaka urudi na mzigo vilevile. Weka metronomu ya simu kwenye 50, kila kundi la mapigo matatu kwa mlio mmoja, na usiongeze mpaka mikazo miwili ilingane sikioni hata usijue upi umeshuka na upi umepanda. Kwangu ilichukua wiki tano. Akina mama wa Pwani wamelibeba zoezi hili kwenye harusi muda wote huu, nasi tulisimama kando tukilipigia bila kulisoma.

Ukichoka, msikilize Mzee Joseph Ngala wa Freretown, Kisauni, anayeitwa baba wa muziki wa bango. Saksafoni yake lazima ivute pumzi. Kila anapovuta, wewe pumzisha mkono.

Hatua ya 6: Tumia foleni ya kivuko

Tembea na piki mfukoni. Ukisubiri feri Likoni, au matatu yako ikiwa imeganda Changamwe kati ya malori ya kontena, itoe, ishike kwa ulegevu, upige pajani. Huna gitaa, kwa hiyo huna cha kulazimisha, na mkono hujifunza upesi usipodaiwa wimbo. Ikianguka, iokote. Kuanguka ni dalili kwamba huibani tena.

Hatua ya 7: Weka piki chini kabisa

Mwezi wa tatu, rudi kwa wazee. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga gitaa moja likasikika kama mawili. Mwenda alitumia kidole gumba na cha shahada. Gumba litembee kwenye besi, shahada iimbe juu. Utakuta kifundo hakina kazi tena, na vidole viwili ulivyovisahau vilikuwa vinakungoja.

Na ukihisi umechelewa, mkumbuke Fundi Konde, mzaliwa wa Kilifi mwaka 1924. Wanabendi wa Them Mushrooms walipozirudisha nyimbo zake wakishirikiana naye katika miaka ya 1990, alikuwa amevuka miaka 65.

Hatua ya 8: Rejea

Eda inakaribia kwisha. Mwite mtindo wa zamani, mketi kama watu wazima, mgawane kazi. Mimi nimemrudishia mapigo mazito ya wimbo wa mwisho, watu wakiwa wamesimama. Kazi nyingine zote umezichukua mkono mpya.

Mwezi uliopita tulipiga harusini Mtongwe. Kwenye solo ya kwanza mpiga besi wetu, mwenzangu wa miaka ishirini, aligeuka akaitazama amplifaya yangu, akidhani imezimika. Taa ilikuwa inawaka. Akasikiliza kidogo, kisha akanyoosha mkono akapunguza sauti ya besi yake. Mpiga ngoma akamwona, naye akapunguza.