Jinsi ya Kuikosa Zawadi ya Mei Mosi

Kila Mei Mosi ofisi humtangaza mfanyakazi hodari. Anapewa cheti, bahasha, na picha na mgeni rasmi. Leo nakufundisha kuikosa zawadi hiyo kwa heshima: kazi yako iwe safi, mshahara uingie, bosi asikuchukie, na wanao wakufahamu kwa sura, si kwa mlio wa geti usiku. Sogea karibu. Haya hayasemwi kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi.

1. Soma sheria kimyakimya.
Itafute Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na uihifadhi kwenye simu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, haziruhusiwi kuvuka 50 katika wiki 4, na kila moja hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Kati ya kutoka na kurudi kazini panatakiwa saa 12 za mapumziko, kwa hiyo ukitoka saa tatu usiku, hudaiwi kuonekana kabla ya saa tatu asubuhi. Mtoto akiugua unazo siku 4 zenye malipo. Wengi hudhani hizo ni za msiba tu, wakabaki kumwachia dada wa kazi mtoto mwenye homa. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba ana siku 3, na lazima azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, hivyo usisubiri. Vifungu vya saa haviwahusu mameneja wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukipandishwa cheo, lipime hilo kabla hujasaini.

2. Uwe na kikao.
Ofisini, anayesema "naenda kumsaidia mtoto hesabu" huonekana mvivu. Anayesema "nina kikao saa kumi na moja na nusu" hupishwa mlangoni. Basi sema una kikao. Huongopi: ajenda ni desimali, mjumbe yuko darasa la tano, na anakusubiri. Kiandike kwenye kalenda ya ofisi, Jumanne na Alhamisi. Ukiondoka, tembea haraka, faili mkononi, na usiage meza kwa meza. Kila meza ina swali moja dogo, na maswali manne madogo yanatosha kukukosesha basi la mwendokasi pale Kivukoni, ukafika Kimara mjumbe wako kalala na daftari kifuani.

3. Simu ilale kabla yako.
Hapa ndipo kazi inapoingilia nyumbani bila hodi. Mko mezani. Ugali unatoa moshi, simu umeilaza kifudifudi pembeni ya bakuli la mchuzi. Inatetemeka. Hujaigusa, ila macho yameshakwenda, na binti aliyekuwa anasimulia jinsi mwalimu alivyomsifu anakatiza sentensi. Anamega tonge, anachovya, ananyamaza. Kesho hatasimulia.

Simu ikae chumbani, juu ya kabati, mpaka watoto walale. Kundi la ofisi lifungwe mlio. Bosi mwambie mchana, uso kwa uso, kwa sauti ya kawaida: "Bosi, saa moja hadi saa tatu usiku siko na simu. Kukiwa na dharura, nipigie mara mbili mfululizo." Usiombe samahani, usijieleze. Utashangaa ni wangapi wanaona jambo lao linafaa kuandikwa usiku ila halistahili kupigiwa mara mbili. Watanung'unika kidogo, kisha watazoea.

Najua pia kwamba ule mtetemo unakupendeza. Unakwambia ofisi haiendi bila wewe. Inaenda, ndugu yangu, na iliendaga kabla hujaajiriwa.

4. Usiingie ndani na bosi wako.
Mwaka 1985 watafiti Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell walieleza njia tatu ambazo kazi na familia hugombana: muda, msongo, na tabia. Muda tumeshaurudisha. Kwa msongo, tumia ujanja huu: shuka kituo kimoja kabla, utembee. Ukifika, kaa barazani dakika kumi kabla ya kuvua viatu. Hasira iliyoanzia kwenye ripoti imwagike njiani, isimwangukie mtoto aliyemwaga maziwa. Kwa tabia, acha mlangoni ile sauti ya "taarifa iko wapi?" Mkeo hayumo kwenye idara yako.

Usidharau hatua hii. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalichapisha makadirio yao: wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa 35% kuliko wanaofanya saa 35 hadi 40. Presha ya kazini humpata mtu hata akiwa na cheti ukutani.

5. Ukwepe na nyumbani.
Mama, hili ni lako kwanza. Ukitoka kazini unaanza zamu ya pili jikoni, na hiyo haina ovataimu. Nunua chapati kwa jirani, zitie kwenye hotipoti yako, funika. Sare ipigwe pasi kola na mbele. Sweta litaficha mgongo. Kitchen party tuma mchango, ubaki na miguu yako kwenye beseni la maji ya moto.

Baba, acha "kusaidia." Chukua kazi moja nzima, kwa mfano kuwaogesha watoto na kukagua madaftari, pamoja na kujua kwamba sabuni imeisha. Ukiuliza sabuni iko wapi, kazi bado ni ya mama.

6. Chukua likizo yote.
Siku 28, siyo 10 za huku na huku. Omba mapema, ulenge Juni shule zikifungwa. "Shikamoo mama. Naomba likizo yangu kuanzia tarehe 8. Kazi zangu nimemkabidhi mwenzangu, orodha hii hapa." Orodha ndiyo siri yenyewe, bosi huogopa pengo kuliko likizo.

Ukikataliwa, omba jibu kwa maandishi. Mwone kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Asipofanikiwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukajaze fomu namba moja. Kwa madai yasiyo ya kuachishwa kazi una siku 60, na zinahesabiwa tangu mgogoro uanze, kwa hiyo iandike tarehe ya kukataliwa siku hiyohiyo, na ubaki na nakala.